Mafuta haya si 'muhimu', ni makali

Katika maduka mengi ya vipodozi mijini, na hata kwenye meza za wachuuzi wa kando ya barabara, pana vichupa vidogo vya kioo cha kahawia, aghalabu vya mililita 10, ambavyo siku hizi vinauzwa kwa jina la "mafuta muhimu". Ndani yake mna mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, ya mchaichai, ya mnanaa, ya lavenda na ya mimea mingine kadha wa kadha. Wanafunzi huyanunua kwa ajili ya chunusi, akina mama kwa ajili ya mafua ya watoto, na wazee kwa ajili ya magoti yanayowasumbua. Maelezo ya matumizi ni nadra kuwapo kwenye chupa. Mnunuzi huyatafuta katika simu yake, na huko hupambana na Kiswahili kilichofasiriwa na mashine. Anayeandika makala haya hushughulika na maneno wala si dawa, lakini katika suala hili maneno yenyewe ndiyo yanayowatia watu hatarini.

Tuanze na hilo jina. Neno la Kiingereza "essential" lina maana mbili. Maana iliyozoeleka ni ya jambo lisiloweza kukosekana, na ndiyo iliyomletea mfasiri neno "muhimu". Katika jina la mafuta haya, hata hivyo, neno hilo limebakia na maana yake ya kale, yaani kile kinachohusu asili ya kitu, kiini chake, au kama walivyopenda kusema wakemia wa zamani wa Ulaya, roho yake. Hao waliamini kwamba ukiupitisha mvuke kwenye mmea, kisha ukaupoza na kuyakusanya matone yake, umeinasa roho ya mmea huo ndani ya chupa. Wafaransa bado husema "huile essentielle" kwa maana hiyo hiyo. Wajerumani huyaita mafuta ya etha. Waarabu, ambao katika hili wana jicho kali zaidi, husema "zuyut tayyara", yaani mafuta yarukayo. Hakuna hata mmoja wao anayemwambia mtu kuwa ngozi yake inayahitaji. Sisi ndio tuliomwambia hivyo. Vitu muhimu ni maji, chakula na chanjo. Mtu akisikia kwamba mafuta fulani ni muhimu, atayapaka kila siku, tena kwa wingi, na hatakuwa na sababu yoyote ya kuyahofia.

Tatizo la pili limo katika neno "mafuta" lenyewe. Sisi tuna mafuta ya nazi, mafuta ya taa, mafuta ya ng'ombe na mafuta ya gari, na kwa kawaida muktadha hututosha kutambua ni yapi yanayozungumziwa. Hakuna apakaye mafuta ya taa mwilini kwa sababu tu yanaitwa mafuta. Lakini mafuta ya karafuu yanapokaa kwenye rafu moja na mafuta ya nazi, yote mawili yakiwa yametokana na mimea na yote mawili yakiwa na harufu njema, mnunuzi ana haki ya kudhani kwamba ni ndugu. La hasha. Mafuta ya nazi, ya simsim, ya alizeti na ya zeituni ni shahamu: hukamuliwa, ni mazito, hukaa juu ya ngozi na kuilainisha. Mafuta ya karafuu na wenzake hupatikana hasa kwa kukeneka, yaani kwa kuupitisha mvuke kwenye mmea na kuupoza. Molekuli zake ni ndogo mno, nyepesi, na hupenya ngozi kwa urahisi.

Mwalimu anaweza kuuonyesha ubainifu huu darasani kwa karatasi moja tu. Tia tone la mafuta ya alizeti upande mmoja wa karatasi nyeupe, na tone la mafuta ya mkaratusi upande wa pili, kisha uiache karatasi mahali penye hewa hadi kesho yake. Doa la alizeti litabaki pale pale, likipitisha mwanga. Doa la mkaratusi litakuwa limetoweka, au limeacha alama hafifu sana. Likibakia doa kubwa la shahamu, basi huenda mwenye duka amekuuzia mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu.

Sasa tuutazame ukali wenyewe, na mfano mzuri ni karafuu, kwa kuwa ni kiungo tunachokijua sote. Vitumba vya maua yake vilivyokauka hutoa mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Kwa hiyo mililita moja ya mafuta hayo imetokana na gramu tano, sita au saba za karafuu, na tone moja tu linabeba nguvu ya karafuu tatu, nne au tano. Mpishi wa pilau atasema kwamba hizo zinatosha sufuria nzima ya familia. Mtu anayemimina nusu kijiko cha chai kiganjani na kujisugua goti amejipaka karafuu mia na zaidi kwa mkupuo mmoja. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, aghalabu zaidi ya asilimia 70, ni kemikali iitwayo eujeno, ambayo hutia ganzi. Hiyo ndiyo sababu karafuu imetumika kwa karne nyingi kutuliza maumivu ya jino. Eujeno hiyo hiyo, ikiwa haikupunguzwa nguvu, huunguza ufizi. Mwanafunzi wa bweni anayejidondoshea mafuta ya karafuu kwenye jino usiku wa manane anaweza kuamka asubuhi akiwa na jino linalouma na kidonda juu yake.

Wahenga wetu wa pwani hawakuwa na kichupa hiki, lakini hawakukosa manukato. Singo ya bibi harusi, ambayo bado hutengenezwa Unguja, Pemba na kwingineko pwani, hupondwa kwa karafuu, asumini, waridi, mlangilangi na vitu vingine vya kunukia. Karafuu iliyopondwa ndani ya singo ni karafuu nzima, pamoja na ubao wake na maji yake, na mafuta yake makali yametawanyika humo kidogo kidogo. Mmea wenyewe ndio uliofanya kazi ya kupunguza ukali. Anayeisoma resipe ya singo, akaona neno "karafuu", akaamua kurahisisha kazi kwa kutia kijiko cha mafuta ya karafuu badala ya karafuu za kuponda, amebadilisha kipimo mara nyingi bila kujua. Mtu anaposema kwamba "bibi zetu walitumia", ni heri aulizwe walitumia nini hasa.

Hapa Kiswahili kina neno zuri ambalo halitumiki vya kutosha. Neno hilo ni "kuzimua". Tunazimua chai iliyokolea mno, tunazimua uji, tunazimua kinywaji kikali. (Ndugu zetu wa Tanzania hulitumia pia kwa walevi wanaojitibu asubuhi kwa kile kile kilichowalewesha jana, lakini hilo tuwaachie wao.) Shamirisho ya kitenzi hiki ni ukali: kinachozimuliwa ni kitu ambacho kimezidi nguvu. Mtu akiambiwa "zimua kwanza", ameshaambiwa ndani ya kitenzi kuwa alicho nacho mkononi ni kikali. Mashine za tafsiri hazilijui neno hili, nazo hutuletea maelekezo ya kuchanganya mafuta muhimu na "mafuta ya mtoa huduma", kana kwamba nazi ni kampuni ya simu. Mafuta hayo ya pili yaitwe mafuta ya kuzimulia, na kila mtu ataelewa kazi yake.

Hata hivyo, kuzimua nako kuna mtego. Katika mazoea yetu tunazimua kwa maji, ilhali mafuta haya hayachanganyiki na maji. Matone matano ukiyatia katika beseni la maji ya kuogea mtoto, hayakuzimuliwa hata kidogo. Yataelea juu, yatashika ngozi ya kwanza itakayoyagusa, na kuikuta ngozi hiyo yakiwa na ukali wake wote. Anayetaka kuyatumia kwenye maji ya kuoga sharti kwanza ayazimue ndani ya mafuta ya kawaida. Kadhalika, yakimwagikia mtu kwenye ngozi, maji matupu hayatayaondoa. Apanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha aoshe kwa sabuni na maji. Jicho tu ndilo huoshwa moja kwa moja kwa maji safi mengi, kwa dakika nyingi, na baadaye mtu aende hospitali.

Kipimo chenyewe ni hesabu ya darasa la sita. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, mililita moja ina matone yapatayo 20. Kijiko cha chai cha kipimo, kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kina mililita 5, yaani matone 100. Kwa hiyo tone moja ndani ya kijiko kimoja cha mafuta ya nazi ni asilimia 1. Chupa ya mililita 30 ni vijiko sita. Asilimia 1 ndani yake ni matone 6, na asilimia 2 ni matone 12. Kwa mtu mzima mwenye afya, asilimia 1 au chini ya hapo yatosha kwa uso, na asilimia 2 kwa mwili. Nasema haya ni makadirio kwa sababu tone halina ukubwa mmoja. Mafuta mazito kama ya msandali hudondoka matone makubwa, na vifuniko vya chupa hutofautiana. Anayesitasita kati ya matone matano na sita, aweke matano.

Lakini asilimia hizo hazitoshei mafuta yote, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapowapotosha wateja kwa kutoa kanuni moja kwa kila chupa. Robert Tisserand na Rodney Young, katika toleo la pili la kitabu chao kikubwa juu ya usalama wa mafuta haya (2014), wanaweka kikomo cha asilimia 0.5 kwa mafuta ya karafuu yanayopakwa kwenye ngozi, yaani tone moja kwa vijiko viwili vya chai. Mchaichai ni asilimia 0.7. Mafuta ya gome la mdalasini ni asilimia 0.07, sawa na tone moja ndani ya vijiko 14, na kwa maoni yangu kikomo cha namna hiyo kinamshauri mtu wa kawaida ayaache kabisa. Ajabu ni kwamba hizi ndizo harufu tunazozipenda na kuziamini zaidi, kwa vile zimo jikoni mwetu.

Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu na malimau yana hila nyingine. Ndani yake mna kemikali za jamii ya furanokumarini ambazo huamshwa na miale ya jua. Aliyejipaka mafuta hayo kisha akatoka juani siku hiyo hiyo anaweza kuungua, na baada ya kuungua ngozi hubakia na mabaka meusi kwa wiki au miezi. Vijana wengi huyanunua ili kuondoa madoa usoni, wakayapaka asubuhi kabla ya kwenda shuleni au kazini, katika nchi iliyopitiwa na ikweta. Wanachopata ni madoa zaidi, nao hudhani dawa haijakolea, wakaongeza.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani siku ya kwanza. Ngozi inaweza kuvumilia mafuta fulani kwa miezi, kisha siku moja ikayakataa kwa mwasho, wekundu na malengelenge. Hii ni mizio, nayo ikishaingia mara nyingi haitoki tena maishani. Hata sabuni au marashi yenye kemikali hiyo huwa adui. Mafuta ya zamani huleta mizio kwa wepesi zaidi, kwa kuwa yanapokutana na hewa, mwanga na joto hubadilika na kuzaa kemikali mpya. Ndiyo maana chupa huwa nyeusi au ya kahawia, na ndiyo maana chupa iliyokaa wazi dirishani tangu mwaka juzi haifai kupakwa. Kabla ya kutumia mchanganyiko wowote kwa mara ya kwanza, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, uache kwa saa 24, na ikiwezekana 48. Ngozi ikiwasha, mchanganyiko huo si wako, hata kama umemfaa jirani.

Kuhusu watoto sitasema mengi, ila nitasema waziwazi. Mafuta ya mkaratusi na ya mnanaa yasipakwe usoni wala karibu na pua ya mtoto mchanga au mdogo, kwa kuwa yanaweza kuathiri upumuaji wake. Watoto wa chini ya miaka miwili wasipakwe mafuta haya bila ushauri wa daktari, na vivyo hivyo mama mjamzito na mwenye pumu waulize kwanza. Na hayanywewi. Majarida ya tiba yameandika visa vya watoto wadogo walioharibika ini au kuzimia baada ya kunywa mafuta ya karafuu yasiyozidi vijiko viwili vya chai, na wengine waliougua vibaya kwa mafuta ya mkaratusi. Kichupa kinachofanana na cha dawa, kinachonukia kama peremende, kikaachwa kitandani, ni mwaliko kwa mtoto.

Watetezi wa kupaka mafuta haya bila kuzimua hupenda kumtaja René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Kifaransa ambaye kitabu chake cha mwaka 1937, "Aromathérapie", ndicho kilichoipa jina tiba hii ya manukato. Gattefossé aliungua katika ajali ya maabara mwaka 1910, naye akaeleza jinsi mafuta ya lavenda yalivyomsaidia. Kisa hicho kimesimuliwa na kupambwa hata kikawa hekaya. Lakini tukikichukua kama kilivyo, ni kisa cha mkemia mmoja, jeraha moja na mmea mmoja. Hakimpi ruhusa mwanafunzi wa kidato cha tatu kujipaka mafuta ya mdalasini kwenye chunusi.

Tusidhani kwamba ujuzi huu ni wa kigeni. Pembeni mwa msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru hulima mmea uitwao mwonyi, jamii ya rihani, ambao huwapa mafuta yenye kafuri. Kwa ushirikiano na wanasayansi wa icipe, mafuta hayo yamefanywa kuwa marhamu ya kuchua, Naturub, na mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Marhamu ni nini, kama si mafuta makali yaliyokwisha kuzimuliwa na fundi kwa kipimo kinachojulikana? Mkulima wa Kakamega na mtengenezaji wa marhamu wanajua kwamba mafuta yaliyotoka kwenye mtambo hayamfikii mgonjwa hivyo hivyo. Pemba nako, kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi hukeneka mafuta kutokana na vijiti vya karafuu ambavyo zamani vilionekana takataka. Wafanyakazi wa viwanda kama hivyo hawahitaji kuambiwa na mtu kuwa kitu hicho ni kikali.

Basi tuyaiteje? Nimesikia pendekezo la "mafuta kiini". Kihistoria ni sahihi, lakini kwa msikilizaji wetu kiini ni moyo wa kokwa au mbegu, na mafuta yanayokamuliwa humo ndiyo yale ya kuzimulia. Tutakuwa tumeyageuza mambo juu chini. "Mafuta tete" limo katika Kiswahili cha kisayansi, lakini magazeti yameshalichukua neno "tete" kwa hali za kisiasa zinazoelekea kuvunjika, na mwanafunzi atadhani ni mafuta dhaifu. Mimi napendelea "mafuta ya mvuke". Yanapatikana kwa mvuke, na yakiachwa wazi yanaondoka kama mvuke; hata yale ya maganda ya ndimu, ambayo hukamuliwa, hayakosi sifa hiyo ya pili. Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wakilitumia pamoja, katika insha na katika maabara, litakaa. Na kama mtu ana neno bora, alilete, almuradi lisiwe "muhimu".

Suala la lebo si la hisani ya muuzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa aliyoinunua, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Chupa ya mafuta ya karafuu ingeweza kuandikwa hivi: "Mafuta ya mvuke ya karafuu. Makali: yasipakwe matupu. Zimua kwa mafuta ya nazi, simsim au alizeti, tone moja kwa vijiko viwili vya chai. Yasinywewe. Yawekwe mbali na watoto." Maneno hayo hayafiki 30, na nafasi ya kuyachapisha ipo. Ni pale ambapo sasa pamechorwa ua.